Mwalimu Asomaye Katuni: Maoni kutoka Ziwa

Neno manga si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Wazee wa pwani waliziita Manga nchi za Uarabuni, hasa pande za Omani, na mtu atokaye huko akaitwa Mmanga. Pilipili manga nayo ingalimo katika kila chungu cha pilau. Kwa hivyo mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili iliyo karibu na soko la Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, alipomsikia mtoto wa kaka yake akisema kwamba alikesha akisoma manga, alidhani kijana amezama katika historia ya majahazi na biashara ya pepo za msimu. Furaha yake haikudumu. Alionyeshwa simu, na ndani ya simu mlikuwa na wavulana wenye nywele za miiba, macho makubwa kama sahani, na panga ndefu kuliko wao wenyewe.

Kijana huyo ana umri wa miaka 14. Aliletwa Ziwa baada ya baba yake kufariki, na tangu aje huzungumza kwa kipimo, mithili ya mtu anayenunua maneno dukani. Mwalimu alikuwa amekwisha kujaribu njia zote ambazo shangazi hujaribu. Likizo ndefu ya Desemba 2024 ilipoingia, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye maturubai kila uwanja, aliamua kusoma kila alichosoma kijana, pamoja na katuni nyingine za Kiswahili ambazo yeye mwenyewe aliweza kuzipata kwa wauzaji wa vitabu kuukuu mjini Eldoret. Maoni yake aliyaandika katika daftari la kurasa 96, kwa kalamu nyekundu, kwani ndiyo iliyokuwa karibu.

Maoni ya mwanzo ni makali. Kuhusu Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyoanza mwaka 1999 na kukamilika 2014 ikiwa na juzuu 72, aliandika kwamba mtu aliyesahihisha insha kwa miaka 20 anayatambua maneno ya kujazia ukurasa hata yakivikwa vazi la vita. Mashujaa husimama katikati ya pigano na kuelezana maisha yao tangu utotoni, na adui husubiri kwa adabu hadi hadithi iishe. One Piece ya Eiichiro Oda, ambayo ilianza 1997 na imepita juzuu 100, hakuimaliza wala hakudai kwamba ataimaliza. Alikiri tu kwamba kicheko cha nahodha wake kinaambukiza.

Lililomshika kwanza halikuwa hadithi bali mwelekeo. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kijana alijiandaa kumfundisha shangazi yake jambo hilo kwa subira ya mtu anayemvusha mzee barabara. Mwalimu alimkatiza. Kiswahili chenyewe, alisema, kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kutawala. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake hunasibishwa na mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyeusoma alianzia kulia. Kijana aliinua kichwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, kwa mujibu wa daftari, kumwona akishangazwa na jambo lililotoka katika somo la Kiswahili.

Kutoka hapo mjadala ukahamia kwenye tanakali za sauti. Katika shule za Kenya, tanakali hufunzwa kama orodha: kuanguka majini chubwi, kuanguka matopeni tapwi, kufunga ndi, kuwa nyeupe pe, kuwa nyeusi ti. Mwanafunzi huzikariri, huziandika katika mtihani, kisha huzisahau njiani akirudi nyumbani, kwa sababu hajawahi kuzikuta zikifanya kazi. Katika manga sauti si pambo la pembeni. Huchorwa kubwa kuliko watu, hupasua kuta, huinama pamoja na upepo. Wajapani wana hata sauti ya mahali pasipo na sauti: shiin, huandikwa pale chumba kizima kinaponyamaza. Mwalimu aliandika kwa herufi kubwa pembeni mwa ukurasa: KIMYA JII. Alifurahi kuona kwamba lugha mbili zilizo mbali hivyo zimefikia hitaji moja la kukitamka kimya, na zote mbili zikavuta irabu ile ile. Swali lake kwa walimu wenzake ni la haki: je, tanakali zingepotea vinywani mwa vijana kama wangezisoma zikiwa zimechorwa, si zikiwa zimepangwa kwa nambari?

Kijana alikuwa na pingamizi. Alidai kwamba Kiswahili hakiingii ndani ya kiputo, yaani ile duara inayobeba maneno ya mhusika, kwa kuwa maneno yake ni marefu. Mwalimu hakukubali kushindwa kwa hoja ya urefu. Alichukua neno "Hawajamwambia" na kuonyesha kwamba lina herufi 13, ilhali Kiingereza huhitaji maneno manne na herufi 17 kusema jambo hilo hilo. Kijana alijibu kwa hoja iliyo bora zaidi. Viputo vya manga, alisema, ni vyembamba na virefu kwa sababu Kijapani kiliandikwa kutoka juu kwenda chini; maneno manne mafupi hushuka ngazi kwa ngazi, lakini neno moja la herufi 13 hugonga ukuta. Ikabidi mwalimu akumbuke mofolojia na fonolojia zake: silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na hivyo neno linaweza kukatwa karibu popote pasipo kumuumiza msomaji. Ha-wa-ja-mwa-mbi-a. Walilijaribu kwa penseli. Liliingia. Yapo makala ya kitaalamu kuhusu uambishaji ambayo hayajawahi kumsisimua mwanafunzi kwa kiwango hicho.

Katuni za Kiswahili alizopata zilikuwa chache kuliko alivyotarajia. Abunuwasi ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechora kwa miaka mingi katika gazeti la Daily Nation, ilitolewa mwaka 1996 na Sasa Sema, kampuni iliyoanzishwa Nairobi kwa nia ya kuchapisha vitabu vya katuni kwa Kiswahili. Nakala aliyoipata ilikuwa imepoteza jalada, ikafaulu hata hivyo kumchekesha kijana mara mbili. Mwalimu anaipenda kwa sababu Abunuwasi wa Gado husema kidogo na kuangalia sana. Ujanja wake umo katika nyusi. Anasikitika kwamba mradi wa namna hiyo haukuzaa rafu nzima ya vitabu. Wanafunzi wa miaka ya 1990 walipata mbegu. Wa leo wamerithi gunia tupu. Huenda hukumu hiyo ni kali kidogo, lakini yeyote aliyezunguka Eldoret akitafuta kitabu cha katuni cha Kiswahili kwa kijana wa miaka 14 ataielewa.

Jarida la Sani la Tanzania, lililowapa wasomaji akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi, alilijua kwa sifa tu hadi alipopata matoleo mawili yaliyoliwa na mende. Aliyasoma kwa siku moja. Vichekesho vyake kuhusu wanawake havimfai, na hakuficha hilo. Lugha yake, kwa upande mwingine, ilimfanya asome kwa sauti jikoni. Ni Kiswahili kinachotembea na viatu vilivyochakaa, alivyoandika. Juha Kalulu wa Edward Gitau hakuhitaji kutafutwa, kwani mwalimu alikua naye katika kurasa za Taifa Leo, gazeti ambalo baba yake alilisoma kuanzia nyuma.

Shujaaz ilimchukua muda zaidi. Katuni hii ilianza nchini Kenya mwaka 2010, ikagawiwa bure ndani ya gazeti na katika vibanda vya mawakala wa M-Pesa, ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule bila kazi na anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake. Lugha yake ni Sheng. Mwalimu alianza na kalamu nyekundu, akasahihisha ukurasa wa kwanza wote, kisha akaona upuuzi wa kazi hiyo na kuiweka kalamu chini. Lawama yake ya mwisho haihusu usanifu kamwe. Analalamika kwamba Sheng ya Shujaaz ni ya mitaa ya Nairobi, nayo hutajwa kama lugha ya vijana wa Kenya nzima. Kijana wa Ziwa huchanganya Kiswahili na Kinandi, huita ng'ombe kwa lugha moja na kumfukuza kwa nyingine, na mchanganyiko huo hakuna aliyeuchora. Hata hivyo alikubali kwamba mafunzo ya kilimo na biashara yaliyofumwa ndani ya visa hivyo hayakumchosha, jambo asiloweza kusema kuhusu vitabu vingi vya kiada.

Ikumbukwe kwamba Ziwa imo katika kaunti ya Uasin Gishu, na barabara zake asubuhi ni za wakimbiaji. Mvulana asiyekimbia huku huulizwa kama ni mgonjwa. Mtoto wa kaka yake mwalimu hakimbii. Pengine ndiyo sababu kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa Kaze ga Tsuyoku Fuiteiru, riwaya ya Shion Miura ya mwaka 2006 ambayo baadaye ilifanywa manga, na mwaka 2018 ikawa filamu ya katuni ya vipindi. Inasimulia wanafunzi kumi wanaoishi katika nyumba chakavu na kuazimia kushiriki Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo vikuu zinazokimbiwa kila mwanzo wa Januari kwa siku mbili, kilomita 217 kwenda na kurudi kati ya Tokyo na Hakone. Wanafunzi kutoka Kenya wamekuwa wakionekana katika mbio hizo tangu 1989. Lakini Mwafrika wa hadithi hii, Musa, ni Mtanzania aliyekwenda Japani kusoma sayansi na uhandisi, na hajui kukimbia. Watu wanamtazama, wanaona rangi ya ngozi, wanahitimisha. Yeye huwaeleza kwa upole kwamba si kila mtu mweusi huzaliwa na mbio miguuni.

Kijana alimsomea shangazi yake sehemu hiyo mara mbili, ingawa hakuombwa.

Mwalimu alikuwa na neno kuhusu jina. Musa huyo huandikwa Kamara, jina ambalo masikio ya Afrika Mashariki hulipeleka moja kwa moja Sierra Leone au Gine. Aliandika kwamba mwandishi alichukua jina la Kiafrika lolote lililokuwa karibu, kama wafanyavyo wengi. Ukurasa wa pili yake una maelezo mengine: Kijapani hakitofautishi r na l, na Kamala ni jina linalojulikana vyema miongoni mwa Wahaya wa Kagera. Basi huenda Musa ni Mhaya aliyevukishwa bahari na kupotezewa l yake njiani. Jambo lenyewe lisingemshangaza mtu anayefundisha darasa ambamo nusu ya wanafunzi huandika "kura" wakikusudia "kula", na mara nyingine, hasa msimu wa uchaguzi, haieleweki kama wamekosea.

Msimu wa uchaguzi ndio uliofanya kitabu cha mwisho kuwa kigumu. Hadashi no Gen ya Keiji Nakazawa ilianza kuchapishwa mwaka 1973. Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka sita Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Bomu lilimwua baba yake, dada yake na mdogo wake. Katika kitabu, Gen na mama yake wanajaribu kuinua nguzo za nyumba iliyowaangukia hao watatu, na nguzo hazinyanyuki, na moto unakuja. Mchoro ni wa kawaida kabisa, karibu wa kitoto, midomo mikubwa na machozi kama matone ya mvua. Mwalimu aliandika kwamba kama ungechorwa kwa ustadi zaidi asingeweza kuutazama.

Mwanzoni mwa kitabu baba huwafundisha wanawe wawe kama ngano, ambayo hukanyagwa ingali changa wakati wa baridi ili mizizi yake ishike na ikue wima. Uasin Gishu ni nchi ya ngano. Kijana alicheka, kwani Ziwa ng'ombe akikanyaga ngano ya mtu kesi hufika kwa chifu kabla ya jua kutua. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba ngano hufanya hivyo. Shangazi hakujua. Kijana akasema kwamba baba yake angejua, na huo ulikuwa usemi mrefu zaidi kuwahi kuutoa kuhusu baba yake tangu mazishi.

Nyumba zilizochomwa si habari ya Hiroshima pekee. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Uasin Gishu iliwaka. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwalimu amefundisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za upili, na anajua jinsi darasa linavyonyamaza Ridhaa anaposimama juu ya magofu ya nyumba yake. Lakini riwaya ina stara. Nchi yake inaitwa Wahafidhina, jirani mchomaji ana jina la kubuni, na kila msomaji anaweza kumpa uso anaoutaka au kutompa wowote. Mchoro hauna rehema hiyo. Mchoraji akishamchora mtu mwenye kiberiti, sharti amchoree pua, shati, urefu, na kuanzia hapo mtu huyo anaweza kufanana na mtu. Nakazawa alichora mabomu yaliyotoka angani, kutoka kwa watu wasioonekana. Ingawa majirani waliomsaliti baba yake Gen nao wamo, na wana nyuso, na hao ndio mwalimu aliowarudia. Kwenye madawati ya Ziwa mtoto wa aliyechomewa na mtoto wa aliyechoma huenda wakaazimana kifutio. Hadi sasa hajakutana na katuni ya Kiswahili iliyothubutu kuyaingilia hayo, na hajui kama anatamani kukutana nayo.

Hatimaye alikutana nayo mezani kwake, wiki ya mwisho ya likizo, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Kijana, aliyezaliwa mwaka 2010, alikuwa amechora visanduku vinne kwa kufuata simulizi la bibi yake kuhusu nyumba ya jirani. Kulia juu palikuwa na njia yenye miti ya mikalitusi. Kisha nyumba. Kisha nyumba ile ile ikiwaka. Katika kisanduku cha nne alisimama mwanamume kwa mbali, amevaa kofia pana, hana uso. Viputo vyote vilikuwa tupu. "Shangazi, wewe weka maneno," alisema, "lakini yawe mafupi."

Kofia kama ile ilivaliwa na wanaume wengi wa Ziwa mwaka ule, kaka yake mwalimu akiwa mmoja wao. Hakuna aliyewahi kumwuliza kaka huyo alikuwa wapi siku hiyo. Dada yake hakumwuliza, na sasa hawezi.

Karatasi ilikaa mezani siku tatu, chini ya kopo la chumvi. Siku ya nne, kwa penseli na si kwa kalamu nyekundu, aliandika "Nani huyo?" kwenye njia, na "Tokeni!" mbele ya nyumba. Juu ya moto hakuweka kiputo. Aliandika sauti yenyewe, kubwa, ikipanda pamoja na moshi hadi nje ya mpaka wa kisanduku, kama alivyoona Wajapani wakifanya. Kisanduku cha nne alikirudisha jinsi kilivyokuwa. Kijana alikitazama kwa muda, akauliza kama hapo panastahili kimya jii, na kama mtu wa kofia achorwe uso au aachwe hivyo hivyo. Mwalimu alimwambia alete kiti. Walizungumza hadi taa ya sola ikafifia, na juu ya uso huo hawajaafikiana.